Bibi Harusi Nambari Tano

Daftari la kwanza lina kurasa thelathini na mbili na jalada la buluu lililochujuka. Ukurasa wa mwanzo niliuandika mwaka 1964, nikiwa na miaka kumi na mmoja, kwa wino ambao sasa umegeuka rangi ya chai: "Nambari moja. Mwanamke. Urefu inchi kumi na sita. Macho yanafumba akilazwa, yanafumbua akisimamishwa. La kushoto linachelewa."

Hayo ndiyo maandishi yangu ya zamani kuliko yote niliyonayo. Leo nina miaka hamsini, watoto wa bandia kumi na mmoja, na daftari la nne. Yote nimeyaandika kwa utaratibu uleule: nambari, urefu, kiungo kinachokwenda chenyewe, kasoro. Kuna jambo moja tu ambalo sikuliandika popote, nalo linahusu nambari tano. Mama yangu ameshafariki, na sidhani kama amebaki mtu wa kuumia nikilisema.

Mwaka ule watu wengi walihama katika mitaa yetu ya Mji Mkongwe. Sababu zao zimeelezwa na wanaojua kueleza. Mimi nilikuwa mtoto, na nilichokiona ni vitu: vitanda vya besera, vya nguzo nne, vikishushwa kwa kamba madirishani, makabati yasiyopita mlangoni, saa za ukutani zikiletwa kwa baba zikiwa bado zinagonga. Baba alikuwa fundi saa. Meza yake ilikuwa chini ya ngazi ya nyumba yetu, Kiponda, ikitazama uchochoro. Jirani wa mbele, siku mbili kabla ya kusafiri, alimletea saa ya mezani amuuzie, na pamoja na saa alileta kikapu. Ndani yake alikuwa amelala mwanamke wa plastiki ngumu, mwenye hereni na viatu vya kisigino.

"Huyu wape wasichana wako," alisema yule bibi. "Wangu washakuwa wakubwa."

Hawakuwa wakubwa. Mdogo wao alikuwa rika langu, na alikuwa amesimama nyuma ya mama yake akikitazama kikapu.

Dada yangu alinizidi miaka minne. Alimchukua yule mwanamke, akamvua viatu, akamvisha tena, akageuza pindo la gauni kuutazama mshono. Mimi nilimlaza na kumwinua, nikamlaza na kumwinua, nikisikiliza. Kila macho yalipofumba ulitoka mlio mdogo kichwani, tik, kama punje ya mchele ikianguka kwenye sinia. Tangu siku ile tuligawana bila ya kuambiana: nguo zikawa zake, na yaliyomo kichwani yakawa yangu.

Hatukuwa tukicheza. Ninalisema hili kwa sababu shangazi zetu walituchekea sana, wasichana wakubwa na bandia. Sisi tulikuwa tukikusanya, na tulikuwa na masharti. Wa kwetu lazima awe mwanamke mzima aliyevaa akavalia, si mtoto mchanga wa kubebwa. Na lazima awe na kiungo kinachokwenda chenyewe. Nambari mbili tulimpata mnadani Darajani, ndani ya sanduku la vikombe vilivyovunjika. Ukimshika mkono ukamtembeza, kichwa kiligeuka kulia na kushoto kwa kila hatua, kama mtu anayeogopa kuvuka barabara. Nambari tatu macho yake yalikwenda upande kwa upande, na dada alisema huyu anasikiliza umbea. Nambari nne kiuno chake kilizunguka. Watu walipojua tunachokitaka walituletea wenyewe, wazima na wabovu. Wabovu niliwapenda zaidi.

Baba alinipa kibano, lenzi ya jicho moja aliyokwisha kuiacha, na sharti. "Usifungue kitu usichoweza kukirudisha," alisema. "Chora kwanza." Ndipo daftari lilipoanza. Shule nilisoma mpaka darasa la nane, na mengine yote niliyoyajua baadaye niliyapata kwa njia ileile, kuchora kwanza, kisha kufungua. Adui yetu alikuwa hewa. Bahari haikuwa mbali, na chumvi ilizila nyaya nyembamba zinazoshika macho. Kila miezi mitatu nilipitisha unyoya wa kuku uliochovywa mafuta ya saa.

Mama naye alikuwa na sharti lake. Sanduku letu lilikaa katika chumba anachosalia, na hakutaka kurukuu mbele ya wanawake waliomkodolea macho. "Wafumbeni hao, nataka kusali!" alikuwa akiita, na mmoja wetu alikwenda kuwalaza. Tik, tik, tik. Nambari tatu, asiyefumba, tulimfunika leso. Mama alipotoa salamu tuliwainua.

Nambari tano alikuja mwaka 1966, naye wa mnadani. Alikuwa bibi harusi: gauni la satini lililogeuka rangi ya samli, shela lililotobolewa na mende, macho ya kahawia yenye kope ndefu za nywele. Urefu inchi kumi na tisa. Alifumba akilazwa na kufumbua akiketishwa, sawasawa, bila ya jicho moja kuchelewa. Dada alimtazama kwa muda.

"Nguo ya huyu," alisema, "ntaivaa mie."

Mwaka uliofuata aliposwa. Mume alikuwa mwalimu, kwao Uroa, na alikuwa karibu kuhamishiwa shule ya kwao. Dada alikuwa amemwona mara mbili, Forodhani, siku za sikukuu. Nilipomuuliza kampendea nini, alifikiri kwanza.

"Masikio," alisema. "Yamekaa sawa."

Alipokwisha kukubali, tuliketi sakafuni mbele ya sanduku kuzungumza jambo lililokuwa likinitisha: nani atakwenda naye na nani atabaki. Tuliamua hawatagawanywa. Watabaki kwetu, na yeye atakuja na gari la shamba kila Ijumaa ya pili kuwaangalia. Sikumwambia kwamba sikuwa nikiwaulizia wao.

Vitambaa vilikuwa adimu siku zile. Mama alisimama foleni mara tatu mpaka akapata satini ya kutosha. Nililifumua gauni la nambari tano, nikalipima kipande kwa kipande kwa rula ya chuma ya baba, nikazidisha kila kipimo kwa tatu na robo, maana dada alikuwa na urefu wa futi tano na inchi mbili, kisha nikalishona tena lile dogo. Hesabu ilikuwa sahihi. Gauni la dada lilikataa kufunga kiunoni.

"Kiuno cha bandia hakijala wali," alisema mama, akatia vipande viwili ubavuni.

Hapo ndipo alipoanza kuja somo. Kwetu msichana anayeolewa hupewa mwanamke mtu mzima wa kumfunda, na huyo ndiye somo wake. Wa dada alikuwa bibi mmoja wa Malindi, mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kusikika orofa tatu. Siku ya kwanza alivua buibui, akaketi, akamwona nambari tano juu ya sanduku.

"Na huyu nani?"

"Bibi harusi, Somo," nilisema.

"Bibi harusi!" Alicheka mpaka akashika ubavu. "Bibi harusi gani kakodoa macho kama kaibiwa kuku? Huyu kafundwa na nani?"

Ili maneno yale yaeleweke, lazima nieleze siku ya kutolewa nje. Siku hiyo bibi harusi, kapambwa, huketishwa kitini mbele ya wanawake wote walioalikwa, naye hufumba macho. Hatazami, hacheki, hajikuni. Hukaa hivyo saa nzima na zaidi, na wageni humwangalia kope. Zikitulia, husema kafundwa. Zikicheza, husema pia, na husema kwa miaka. Mama yetu alilijua hilo kuliko wote, kwa kuwa siku yake yeye alifumbua mara tatu. Shangazi zetu, mawifi zake, walikuwa bado hawajaichoka raha waliyoipata siku ile.

"Wifi yetu alikuwa kama mnara wa taa," walisema. "Anawaka, anazimika, anawaka!"

Mama alicheka nao. Lakini nilimsikia akimwambia somo ngazini, kwa sauti ya chini, "Nakuomba, mwanangu asinirithi hilo."

Na dada alikuwa mtu wa kuchungulia. Alichungulia tangu utotoni, kwenye dua, kwenye kibe, mchezo wa kujificha, kwenye sindano ya hospitali. Mama alikosa usingizi kwa hilo kuliko kwa mahari au mchele wa karamu.

Kejeli ya somo iliniudhi kwa sababu ilikuwa ya haki. Nilimpeleka nambari tano kwa baba, nikamuuliza kama yawezekana akaketi akafumba. Baba aliweka chini saa aliyokuwa nayo. Ndani ya kichwa cha bandia wa aina ile macho mawili huunganishwa na waya, na nyuma ya waya huning'inia kipande kizito cha risasi. Akiwa wima, risasi huvuta chini na macho hutazama mbele. Akilala, risasi huangukia kisogoni na macho hugeuka. Kuipinda risasi upande mwingine hakusaidii, nilikuwa nimeshajaribu kwa karatasi. Baba alichora, akafuta, akachora tena. Kisha akachukua kutoka saa mbovu ya kuamshia magurudumu mawili ya meno yaliyolingana. Risasi ikafungwa kwenye moja na macho kwenye la pili. Gurudumu moja likienda mbele, mwenzake hurudi nyuma. Tulipita utosini, chini ya wigi, na kazi ilituchukua siku nne.

Nilimketisha mbele ya somo. Tik. Akafumba.

"Yailahi," alisema somo. Hakucheka. Alimlaza, na macho yakafumbuka yakitazama dari. Alimketisha tena, yakafumba. "Mwali wa Kiunguja huyu," alisema. "Haya, bibi, umepata mwalimu," akamgeukia dada. "Mtazame mwenzio. Hana damu, hana roho, na anakushinda."

Tangu siku ile nambari tano alikuwa wa pekee katika nyumba. Mama alipotaka kusali, wengine tuliwalaza na yeye tulimketisha.

Mafunzo niliyasimamia mimi. Somo alikuja mara mbili kwa wiki. Siku zilizobaki dada aliketi kitini, nambari tano aliketi mkabala wake, na mimi nilikaa chini na saa ya mfukoni ya baba na kipepeo cha ukili cha kumpepea. Kope zikicheza, nilipiga kipepeo kwenye goti lake. Nina vipimo vyote. Siku ya kwanza, dakika mbili. Wiki ya pili, dakika tisa. Alilalamika kwamba kwenye giza lile anajiona yu peke yake, kama katiwa ndani ya gunia.

"Watu wamejaa chumba kizima, peke yako vipi?"

"Wewe hujafumba, huwezi kujua." Kisha akasema, "Hebu sikiza. Siku yenyewe ntafumbua mara moja. Moja tu, kijicho chembamba, nikuone upo. Ukiniona, gusa ukope wako kwa kidole. Mie ntafumba, na hapana atakayejua."

Nilikataa. Akaniambia basi atafumbua mara tano. Nikakubali ile moja. Tulifanya mazoezi ya hilo pia: jicho linachungulia, kidole changu kinagusa ukope, jicho linafumba. Wiki ya mwisho alifika dakika arobaini na moja, na mara ile moja ya kuchungulia ndani yake, na hata somo aliyekuwepo hakuiona.

Hina alipakwa siku mbili kabla. Alilala kitandani mikono na miguu imenyooshwa tangu asubuhi mpaka alasiri, na ilipobanduliwa alikuwa akitetemeka.

"Somo, nnasikia baridi."

"Hina hiyo, mwanangu. Hina baridi. Nani asiyejua?" Alimfunika blanketi, akamletea chai ya tangawizi.

Siku ya pili alikuwa na joto, na kichwa kilimuuma. Walisema ni kukaa na moshi wa udi. Asubuhi ya siku yenyewe hakula, na walisema bibi harusi anayekula siku yake hana haya. Hakuzungumza, na walisema mashaallah, kashatulia. Nimeishi na jambo hili miaka mingi na sijapata njia ya kulieleza kwa ufupi zaidi: kila dalili ilikuta ada iliyokwisha kutayarishwa kuipokea. Hakuna aliyekuwa mpumbavu katika nyumba ile. Somo alifunda wasichana wengi kabla yake, na wote walitetemeka kwa hina, na wote sasa walikuwa wazima na watoto wao.

Ndoa ilisomwa msikitini baada ya adhuhuri. Baada ya alasiri alitolewa nje, ukumbini, orofa ya juu. Gauni lilikaa vizuri. Kifuani alitiwa kikuba, kishada cha asumini, na wanja wake ulikuwa mwembamba kama uzi. Mimi niliketi miguuni pake na kipepeo, kazi niliyopewa ili niwe karibu, na ndani ya mkono wangu wa kushoto nilikuwa nimeficha saa. Mama alisimama mlangoni, mahali pa mwenye nyumba, akipokea wageni. Kila baada ya kumpokea mmoja aligeuka akamtazama dada.

Dakika kumi. Kope hazikucheza.

"Mtazame," alisema shangazi mmoja nyuma yangu. "Huyu si wa mama yake."

"Hata pumzi huioni!"

"Kama sanamu. Kama sanamu, wallahi."

Vigelegele vilipigwa. Nilimtazama mama mlangoni, na uso wake ulikuwa umefunguka kwa namna ambayo sikuwahi kuiona.

Ilipofika dakika ya kumi na tisa dada alifumbua macho.

Hakuchungulia. Aliyafumbua yote mawili, na yalikuwa mekundu, na yalinitazama. Wakati ule ngoma ilikuwa imeanza na wanawake walikuwa wamegeukia upande wa wapigaji, kwa hiyo hakuna mwingine aliyemwona. Nilimsubiri afumbe. Hakufumba. Midomo yake ilifunguka kidogo. Niliona jasho chini ya poda, na niliona kwamba macho yale hayakuwa na mchezo wetu ndani yake, na nilifikiri, kwa hofu, kwamba anataka kucheka.

Niligusa ukope wangu kwa kidole.

Alinitazama bado. Niligusa tena, kwa nguvu.

Akafumba.

Alikaa hivyo dakika ishirini na mbili nyingine. Zikijumlishwa ni arobaini na moja, sawa na rekodi yake. Kisha alianza kuinama ubavuni, taratibu, na somo akamsogezea mto, akiwaambia wageni kachoka mwali, mwacheni apumue. Vigelegele vikaendelea. Mimi ndiye niliyemshika mkono, nikauona unavyowaka, nikasema, "Mama." Nadhani nilisema kwa sauti ndogo, maana ilibidi niseme mara tatu.

Ilikuwa malaria, nayo ilikuwa imeshapanda kichwani. Daktari alituambia hivyo hospitali jioni ileile na alifanya yote aliyoyaweza. Dada hakuamka tena. Mume wake alikaa kwenye benchi la nje siku mbili, katika kanzu ya harusi. Niliyatazama masikio yake. Kweli yalikuwa yamekaa sawa. Siku ya tatu tulimrudisha dada nyumbani, na mama na somo walimwosha. Wanja, somo aliniambia, ulikuwa mgumu kutoka.

Matangani wanawake walikuwa na neno moja la kumliwaza mama, na kila aliyeingia alilileta. Hakufumbua jicho hata mara moja. Mpaka anaanguka, hakufumbua. Mwanao kafa na heshima yake, bibi. Mama aliitikia kwa kichwa. Shangazi zetu walikuwa wa kwanza kulisema na walilisema wakilia, na habari ya mnara wa taa haikutajwa tena katika nyumba yetu mpaka wote walipokufa.

Niliwafungia bandia katika sanduku lao na kulisukuma chini ya kitanda. Nilijifundisha mambo mengine. Nilipokuwa na miaka thelathini nilipata kitabu cha wauguzi na nikasoma sura ya malaria mara nyingi kuliko kitabu chochote nilichowahi kusoma. Mle mmeandikwa kwamba katika hali ile mgonjwa huweza kukodoa macho bila ya kuona wala kumtambua mtu. Kwa muda niliishika sentensi hiyo. Lakini mimi ni mtu wa kupima, na kipimo kilikataa. Nilipogusa ukope, alifumba. Asiyeona hafumbi kwa kuonyeshwa.

Mwaka 1971, baada ya mvua za masika, mama alikuwa akitoa vitu chumbani kuvianika, kwa kuwa unyevu ulikuwa umeingia kila mahali. Nilikuwa na miaka kumi na minane, na nilikuwa nikikaa mezani kwa baba, nikitengeneza saa za watu. Nilipopanda juu nilimkuta amelifungua sanduku. Alikuwa amewatoa wote, maana mpaka harusi walikuwa wameshafika saba, na kuwaegemeza ukutani, na alikuwa akiwafuta vumbi kwa pindo la kanga. Wengine kope zao zilikuwa zimeliwa na wadudu. Nambari moja jicho la kushoto lilikuwa limeganda kwa kutu. Sikuwa nimepitisha unyoya kwa miaka minne.

Adhana ya alasiri ikaanza. Mama akasema, kama aliyesahau kwamba miaka ilipita, "Wafumbe hao." Kisha akaanza kuwalaza mwenyewe, mmoja mmoja, kuanzia mwisho wa safu. Nambari tano alikuwa amekaa ameinamisha kichwa, macho yamefumba. Mama alimchukua kama wenzake, akamlaza chali juu ya mkeka.

Tik. Akafumbua macho, akamtazama.

Mama aliondoa mkono kama aliyeungua. Magurudumu ya baba, ya shaba, hayakuwa na kutu hata kidogo.

Adhana ilimalizika. Mama hakwenda kutia udhu. Aliketi kwenye mkeka, na nambari tano alikuwa kati yetu, amelala, anatazama dari.

"Nataka kukuuliza," alisema. "Wewe ulikuwa miguuni pake."

"Naam, mama."

"Watu wanasema hakufumbua. Hata mara moja. Ndivyo?"

Nilikuwa nimelitayarisha jibu la swali hilo kwa miaka minne. Nilijua watu walikuwa wamempa kitu kimoja tu cha kushika na kwamba kilikuwa hicho. Nilijua pia kwamba nikisema alifumbua, itabidi niseme alimfumbulia nani, na huyo alimfanyia nini.

"Ndivyo," nilisema. "Hakufumbua hata mara moja."

Mama aliitikia kwa kichwa, kama alivyowaitikia wanawake wa matangani. Alimnyoosha nambari tano pindo la gauni.

"Mie siku yangu nilifumbua mara tatu," alisema. "Wananicheka, sijali. Nilikuwa namtafuta mama yangu. Nilimwona mara ya tatu, kasimama karibu na dirisha, na baada ya hapo sikuona tabu tena. Nilimwambia somo dada yako asifumbue, kisha siku yenyewe nikasimama mlangoni, mahali pa kuonekana. Sikuondoka. Nilisema, hata akiwa kafundwa vipi, mtoto atamtafuta mama yake mara moja. Nilikuwa nangoja. Aibu ningeibeba mie, nshaizoea."

Nilifungua mdomo. Nakumbuka hewa ilivyoingia. Lakini hata ukweli wangu haukuwa nacho alichokitaka. Dada alifumbua, na hakuwa akitazama mlangoni. Nilipima lipi litamuumiza kidogo, na nilipokuwa bado napima, wakati wa kusema ulipita, na haukurudi tena katika miaka yote tuliyoishi pamoja baada ya siku ile, ingawa niliusubiri.

"Basi," alisema mama. "Kumbe hakunitafuta."

Alimshika nambari tano mabegani kwa mikono miwili, akamwinua, akamketisha na mgongo ukutani. Macho yakafumba, yote mawili kwa pamoja, sawasawa, kama tulivyomtengeneza. Mama alimtazama kidogo, akainuka kwenda kutia udhu.